Beti Mbili Si Zangu

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Najua herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe, na palipo na makosa ya tahajia mtarekebisha wenyewe mkisoma. Shule niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza imla. Lakini si shule peke yake. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha shahada na kile kirefu, havikunji. Kalamu naibana kati ya gumba na kidole cha pete. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima.

Nataka kueleza vilivyovunjika, kwa sababu kijijini kwetu Ganda yasemwa mengi, na wengine wasema nilistahili. Kiasi fulani nilistahili. Lakini yule mwanamke hakustahili.

Nilipotoka shule nilishika kazi ya kufua nazi. Unasimika kifuo ardhini, ile nondo yenye ncha kama mkuki, unaigonga nazi juu yake, unazungusha, kumbi linang'oka. Ukikosea, ncha inaingia mkononi. Mara mbili kwa juma nilisukuma nazi kwa mkokoteni hadi Malindi mjini, kwa mama mmoja wa Kiswahili aliyepika mahamri na mbaazi kibandani kwake. Nilimwita Bi Mkubwa kama wengine wote. Alikuwa na kinanda cha santuri cha betri, na wateja walikaa kwa ajili ya kinanda hicho kama walivyokaa kwa ajili ya mbaazi.

Santuri aliyoipenda zaidi ilikuwa na wimbo wa zamani unaojulikana na kila mtu pwani hii. Aliupiga mpaka sindano ikawa inaruka. Siku moja iliruka mara tatu, akasonya, akaigeuza santuri.

"Haya, tusikize huu upande wa nyuma," alisema. "Hata mwimbaji mwenyewe nadhani hakuupenda."

Ulikuwa wimbo mfupi. Gitaa moja, sauti moja, beti mbili tu. Wateja waliendelea kutafuna. Mimi nilisimama na nazi mikononi nisijue kuiweka wapi.

Mbwa wa kwenu kanizoea,
nikipita habweki tena.

Hivyo ndivyo ulivyoanza. Ubeti wa pili majirani wanauliza ni mgeni gani huyu asiyekuwa mgeni. Basi, umekwisha. Nilimwomba Bi Mkubwa aurudie. Mimi ni mtu wa haya, nilikuwa sijawahi kumwomba kitu, kwa hiyo alinitazama sana.

"Keti kwenye mbuzi unikunie nazi tano," alisema, "nami nitakupigia mara tano."

Nazi nilizokuna miezi ile sina hesabu yake. Nyumbani nilikuwa na gitaa nililolitengeneza kwa sanduku la majani ya chai na nyaya za breki za baiskeli, na wimbo ule niliupata wote, hata pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Sasa lazima niseme ya nyumbani. Baba ni mgema. Alfajiri hupanda minazi na kotama kiunoni, ule upinde wa kisu unaokata kilele cha mnazi kama unakata siagi. Alipokwisha kugema alikuwa akikaa mangweni, pale panapouzwa pombe ya mnazi, na wanywaji wake, na aliporudi alikuwa akimpiga mama. Hakuwa na sababu moja. Siku nyingine maji yalikuwa ya moto, siku nyingine yalikuwa baridi. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa ubapa wa kotama. Ubapa hauachi damu, unaacha mstari mweusi. Mimi na wadogo zangu tulijifunza kusikiliza miguu yake njiani. Tukisikia inakokota upande, mama alitutoa kwa mlango wa uani tukajificha mihogoni. Lakini mlango ule ulilia. Mara mbili ulituchongea, na mara ya pili alinivunja jino.

Ndipo mama akazipaka bawaba mafuta ya nazi. Kila Ijumaa alizipaka kwa unyoya wa kuku, pole pole, kama anayepaka dawa kidonda. Mlango ukawa kimya. Hatukulizungumza jambo lile, hata sisi kwa sisi.

Wimbo wangu ulikuwa mfupi, nami nilitaka urefuke. Siku moja nikiwa kwenye kifuo ulinijia ubeti wa tatu, wote kwa pamoja:

Bawaba umezipaka mafuta,
mafuta ya nazi zisilie.
Mlango wafunguka kimya,
anayelala asisikie.

Niliufurahia. Niliutoa mlangoni kwetu nikautia katika mapenzi, na sikuona ubaya.

Kukawa na harusi kwa jirani. Wapiga ngoma walichelewa, jua bado lilikuwa kali, watu wamekula wamechoka kutazamana. Vijana wakanivuta. "Leta hilo sanduku lako la chai!" Nilikaa nikaugeuzia uso ukuta wa ghala, kwa sababu siwezi kuimba nikitazamwa, nikaimba ule wa upande wa pili.

Nikamaliza beti zake mbili. Halafu mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Ala! Mbwa habweki? Mbwa wa nani huyo, jamani?"

"Usimtaje," mwingine akajibu. "Mwenyewe yupo pale, amekumbatia sahani ya pilau."

Wakacheka mpaka wakashikana. Nilichelewa kuelewa. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mpishi katika hoteli ya watalii, ambaye alilala kazini siku sita na kurudi kwake siku ya saba. Alikuwa na mbwa mkali aliyewahi kumng'ata mpaka mchungaji wa kanisa. Msimu ule mbwa yule alikuwa ameacha kubweka. Mtu alipita, mbwa akamtazama tu. Watu walikuwa wameliona hilo, wakawa wanalipika chini kwa chini, kwamba mkewe ana mgeni wa usiku.

Kijana mmoja aliniinamia. "Huu wimbo redioni haupo. Umeutunga wewe?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa, nikatabasamu, nikakaza waya ambao haukuwa umelegea.

"Ni wake!" akapiga kelele. "Kautunga mwenyewe! Rudia, ndugu yangu, rudia!"

Nikarudia, na mara hii nikaimba na ubeti wa tatu. Nilipofika penye bawaba, vicheko vilikatika. Niligeuka kutoka ukutani nikamwona mpishi amesimama. Aliweka sahani chini, hakunawa mikono, akaondoka. Mke wake alikuwa upande wa wanawake na mtoto mgongoni. Alibaki amekaa akitazama chini, na wanawake waliokuwa karibu naye wakasogea kidogo, kila mmoja kwa upande wake.

Asubuhi nilikuwa kwenye kifuo niliposikia ukelele. Kwao na kwetu panatenganishwa na boma la mkonge tu. Mpishi alikuwa amemtoa mkewe mlangoni, amemshika nywele, anamnusisha vidole vyake.

"Mafuta ya nini haya? Sema! Mafuta ya nini kwenye bawaba za mlango wangu?"

Alichukua mchi wa kinu akampiga mgongoni, akampiga tena, na mkewe aliponyanyua mkono kujikinga, akaupiga huo mkono. Nilisikia mfupa. Sauti yake ni kama kuti kavu likikanyagwa. Mtoto alikuwa kizingitini analia bila sauti. Wanawake walipiga mayowe kutoka bomani. Wanaume walisimama. "Ni ya mtu na mkewe," mmoja alisema. Baba yangu alikuwa miongoni mwao, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nami nilisimama.

Halafu mpishi akaja kwangu. Alivuka boma akasimama mbele yangu, mtu mzima, rika la baba, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwanamuziki."

Nilitazama miguu yake.

"Itikia basi. Leo mimi ndiye wa kukuamkia, maana wewe ndiye mjuzi wa ya nyumbani kwangu. Haya, nitajie huyo anayepita mbwa wangu asibweke."

"Sijui."

"Mbele ya watu unajua, mbele yangu hujui?"

"Si wimbo wangu," nilisema. Nadhani nilisema. Sauti yangu ni ndogo.

"Jana ulikuwa wako."

Alikanyaga gitaa kwanza. Lilivunjika mara moja, lilikuwa jepesi. Kisha alinishika kifundo cha mkono, akaulaza mkono wangu juu ya gogo la kupasulia nazi, akachukua panga langu mwenyewe. Nilifikiri ataukata. Aligeuza panga akapiga kwa upande wa mgongo, mara mbili. La kwanza sikulisikia, nililiona tu. La pili nililisikia mpaka kwenye meno.

"Jumapili baba wa mke wangu anakuja na watu wake," alisema. "Ukija na jina, nitapambana na mwenye jina. Usipokuja nalo, nitammaliza yeye, na damu iwe yako wewe."

Akarudi kwake, akamfungia mkewe ndani.

Baba alinitazama mkono. "Ulitaka sifa," alisema, akaenda minazini. Mama aliufunga kwa kanga na vijiti. Alikuwa amesikia wimbo wote pale harusini, ule ubeti wa tatu pia. Alinifunga bila kunitazama usoni.

Zahanati walinitia bandeji, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu hadi kwa Bi Mkubwa. Nilimweleza kwa taabu, neno moja moja. Alinisikiliza huku akikanda unga, na kila nilipofika penye kipigo aliubwaga unga mezani kwa nguvu zaidi.

"Mpumbavu," alisema mwishowe. "Santuri ile ni ya zamani kuliko wewe. Kwa nini hukusema ni ya watu?"

Nilijishika bandeji.

"Haya. Hata mwanangu wa kumzaa simwazimi. Nitaichukua mwenyewe, nije niwapigie wasikie kwa masikio yao." Kisha akasimamisha mikono. "Uliimba beti ngapi?"

"Tatu."

"Upande ule una mbili."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Huo wa bawaba umeutoa wapi?"

Nikatazama unga.

"Santuri itakuokoa na beti mbili," alisema. "Ule mmoja utauokoa mwenyewe. Na usipouokoa, mwanamke wa watu atakufa kwa haya zako."

Jumapili alikuja kwa lori la mchanga, amekaa mbele na dereva, buibui limejaa vumbi, kinanda mapajani kama mtoto mgonjwa. Kikao kilikuwa uani kwa mpishi, mchana. Baba wa mwanamke alikuwa amekuja na ndugu zake wawili kutoka upande wa Marafa. Kwetu Wagiriama kikao kama hicho hakianzi bila mnazi wa kadzama, ile pombe ya kufungulia mazungumzo, na mgema wa karibu ni baba yangu, kwa hiyo naye alikuwapo, na kotama kiunoni. Mama alisimama na wanawake. Mke wa mpishi alikuwa amekaa chini mkono umefungwa shingoni, jicho moja limefunga. Yule mbwa alikuwa amelala karibu na miguu yake.

"Kijana amekuja na jina?" mpishi aliuliza.

"Amekuja na mimi," Bi Mkubwa akasema. "Salaam aleikum nyote. Niwekeeni kigoda, kinanda hiki hakikai mchangani."

Akaipiga santuri. Gitaa lile moja, sauti ile moja. Mbwa wa kwenu kanizoea. Watu walitazamana. Kijana aliyeniuliza harusini akafunika mdomo. "Ndio wenyewe! Kumbe ni wa santuri!" Watu wakaanza kucheka, kicheko cha kushusha mzigo, na hata baba wa mwanamke akapangusa uso.

Wimbo ukaisha. Sindano ikawa inakwaruza.

"Na bawaba?" mpishi aliuliza.

Kicheko kikafa.

"Mbwa nimemsikia. Majirani nimewasikia. Bawaba ziko wapi? Pigeni tena, nisikilize bawaba." Alikuwa ameshika ule mchi. Hakuuficha. "Huo aliuongeza yeye. Aliona kitu. Na mafuta niliyashika mimi mwenyewe."

Bi Mkubwa alinitazama. Mama alinitazama. Baba alikuwa anamimina mnazi, akaacha.

Nilisimama. Nikageukia ukuta kama ninavyofanya nikiimba, lakini baba wa yule mwanamke akasema, "Geuka, mwanangu, tukusikie." Nikageuka.

"Bawaba ni za kwetu," nilisema. "Mlango wa uani. Mama huzipaka mafuta kila Ijumaa. Huzipaka ili baba akija kumpiga tupate kutoka asisikie. Anayelala kwenye ule wimbo si mume. Ni baba akiwa amelewa. Sikuona kitu kwa watu. Niliona kwetu."

Sikuthubutu kumtazama baba. Nilisikia mnazi ukidondoka kutoka kwenye kata mkononi mwake.

Baba wa mwanamke alimgeukia binti yake. "Nawe, mayo," alisema, akimwita mama kama tunavyowaita binti zetu tunapowaonea huruma. "Wewe ulizipaka kwa nini?"

"Kwa hilo hilo," alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu harusi. "Siku ya saba ikikaribia ninazipaka. Na mbwa muulizeni yeye. Alinitetea, akapigwa mchi wa koo. Huo huo alioushika. Tangu siku hiyo habweki, hawezi."

Watu wote wakamtazama mbwa. Mbwa akafungua mdomo kama anayetaka kusema, ukatoka upepo mtupu.

Mpishi alirusha mchi. Sijui alimlenga nani. Ulipiga kinanda, kigoda kikaanguka, santuri ikatoka ikiviringika, naye akaifuata akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa vipande. Hapo ndugu wawili wa Marafa wakamvamia. Walimpiga ngumi, walimpiga na kigoda, alipoanguka wakampiga teke, na mmoja akauokota mchi. Baba wa mwanamke ndiye aliyeushika usishuke. "Basi," alisema. "Tusimwachie mtoto wetu damu ya baba yake." Bi Mkubwa alikuwa amevua kiatu, na sitasema kama alikitumia au hakukitumia. Mpishi alibaki chini, uso umejaa mchanga na damu, anatafuta pumzi. Sikufurahi. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga kama moyo.

Mwanamke aliondoka na baba yake saa ile ile, na mtoto, na mbwa.

Sisi tulirudi nyumbani kwa kufuatana, baba mbele. Hakutupiga. Ilikuwa mbaya zaidi. Alichota jivu jikoni, akachukua kumbi la nazi na mchanga, akachuchumaa kwenye mlango wa uani akaanza kuzisugua bawaba. Alisugua mpaka chuma kikang'aa. Akauvuta mlango. Ukalia. Akausukuma, ukalia. Akasugua tena, akaujaribu tena, mara nyingi, bila kututazama, na kotama bado iko kiunoni.

Mama alisimama akimtazama. Kisha aliingia chumbani, akafunga kanga zake mbili na nguo za wadogo zangu katika furushi, akanipa furushi nibebe kwa mkono mzima. Baba alisimama mlangoni. Mama akamwambia, "Nipishe." Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwambia baba neno kama hilo. Mkono wa baba ulikwenda kiunoni ukashika mpini. Nilisimama kati yao. Sikuwa na kitu mkononi ila furushi. Tulisimama hivyo, watatu, mpaka mdogo wangu wa mwisho akapita chini ya mkono wa baba akatoka, na mwingine akamfuata. Baba akasogea nusu hatua.

Mama aliufungua mlango mpaka mwisho. Ulilia kwa sauti ambayo nadhani walioko barabarani waliisikia. Hakuharakisha.

Ni miaka mitatu sasa. Tunaishi nyuma ya kibanda cha Bi Mkubwa, mama anachoma mahamri, mimi nafua nazi kwa mkono wa kushoto zaidi. Nilitengeneza gitaa jingine. Napiga kwa gumba peke yake, na watu wasema mlio wake ni mzito, haufanani na wa mtu mwingine. Naimba kibandani, uso kwa watu. Wimbo ule nauimba wote, beti tatu. Wakiniuliza kama ni wangu, nawajibu: "Beti mbili si zangu." Wa tatu nauacha wauelewe.

Lakini santuri ilivunjika, na Bi Mkubwa hakumbuki jina la mwimbaji, kwa maana karatasi ya katikati ilikuwa imejaa mafuta ya mahamri miaka mingi. Nimeuliza Malindi, nimeuliza Kilifi, nimefika hadi Takaungu. Wote wanaujua upande wa kwanza, lakini umeimbwa na wengi, na kila mtu anamtaja mwimbaji mwingine. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna santuri ya zamani ya pwani, igeuze usikilize. Kama ni wimbo wa mbwa asiyebweka, niandikie kupitia kwa waliochapa kitabu hiki, uniambie ni nani aliyeimba na kama yu hai. Ningependa kumwomba radhi kwa kuwa niliuita wangu. Andika kwa herufi kubwa tafadhali, kwa sababu hata kusoma nasoma pole pole.